Siku Arobaini na Moja

Nuria alikuwa amezidi umri kwa siku arobaini na moja. Cheti cha uraia cha babake kilitiwa sahihi tarehe kumi na moja Februari. Yeye, kwa karatasi, alitimiza miaka kumi na minane tarehe mosi Januari. Watoto walio chini ya umri huo walimfuata baba. Aliyeuvuka alibaki mgeni.

Wariara, karani wa dirisha la tatu katika ofisi ya uhamiaji, alizigeuza fomu polepole. Musab, kaka mkubwa aliyeomba uraia kwa jina lake mwenyewe, mosi Januari. Zayed, kaka wa pili, aliyeomba vivyo hivyo, mosi Januari. Nuria, mosi Januari. Baba na mama vilevile.

"Mzee Dualeh, kwani mama huzaa kwa kalenda?"

Foleni ikacheka. Dualeh, babake Nuria, naye akacheka kidogo, maana karatasi zilikuwa mkononi mwa huyo mwanamke.

Alieleza. Walipofika kambi ya wakimbizi, Nuria akiwa wa kubebwa mgongoni, mwandikishaji hakuuliza mwezi. Aliuliza mwaka tu, mengine akajaza mwenyewe, mosi Januari kwa kila mtu, foleni ikasonga. Lakini Nuria alizaliwa Aprili, mvua ikinyesha. Shukri, mamake, angeweza kuapa.

"Basi aape," Wariara alisema. "Aape kwamba tarehe mliyoapia ilikuwa ya uongo. Halafu hicho cheti chako kirudi Nairobi kiangaliwe upya. Na cha mama. Na vya hawa vijana wako. Ni hivyo unataka?"

Dualeh alimgeukia bintiye. Yeye hakusoma; tangu Nuria afike darasa la tano, fomu zote za nyumba zilijazwa na Nuria. Mwaka ule wa kuomba uraia, msichana aliinua kalamu akauliza kama aandike Aprili. Dualeh akamwambia anakili ile ya kambini, karatasi zisije zikapingana. Akanakili, kwa mwandiko mzuri, mara tano.

"Baba," Nuria alisema, "chuo kinafungua Jumatatu."

Alikuwa amepata nafasi ya uuguzi. Chuo kilitaka kitambulisho cha raia tu.

"Najua."

"Sema Aprili."

Nyuma yao mwanamume mwenye helmeti ya boda boda alisonya. "Mzee, amua. Wengine tumeacha kazi."

Dualeh alikitazama cheti chake. Alikingoja tangu kambini, miaka kumi na sita. Mara mbili katika miaka hiyo alilala seli ya polisi ya Bondeni kwa kukosa karatasi, na mara ya pili Musab alikuwa naye. Alikikunja, akakirudisha mfukoni.

"Iache Januari," alimwambia karani.



Wariara alisukuma fomu nyingine dirishani, ya raia anayeishi na mgeni. Ni ya miezi sita, alisema, ikiisha waje waombe tena. Akauliza nani atajaza. Dualeh aliangalia sakafu. Nuria akachukua kalamu.

Jina la mwenyeji: Dualeh. Jina la mgeni: aliandika lake. Uhusiano: mtoto. Aliielekeza fomu kwa babake, akamwonyesha mahali pa dole gumba, akaufuta wino wa kidole cha baba kwa ncha ya mtandio.

Zilibaki nafasi mbili chini kabisa.

Idadi ya raia katika nyumba. Akaandika 4.

Idadi ya wageni. Akaandika 1.