Maziwa ya Kuwakaribisha Kobe

Mambo haya alinisimulia Nalotuesha mwenyewe, Jumapili ya harambee ya kanisa pale Kisaju, mwezi wa tano uliopita, tukichambua mchele chini ya turubai. Alicheka mpaka nusu ya ungo ikamwagika.

Alikuwa amekuja Kitengela kukaa na mjukuu wake Soipan, msichana wa miaka tisa aliyemwita Koko, yaani bibi kwa Kimaasai, maana mwanawe Lemein na mkewe hutoka alfajiri kwenda kazini na kurudi jioni. Jirani yao, mwalimu Mbithe, alikuwa amehamia Machakos, kwenye nyumba ya kupanga isiyotaka wanyama. Akamwachia Soipan kobe wake wawili wa maji, kila mmoja upana wa kisahani, pamoja na sharti moja.

"Jumamosi nitapita. Nikikuta wanakula na wamechangamka, ni wako. Wakiwa wamenyong'onyea, nawapeleka kwa binamu yangu kule Syokimau."

Tangu siku hiyo mtoto hakuwa na habari nyingine. Hata ugali alikula akichungulia dirishani.

Kobe walikuwa ndani ya beseni la kufulia, maji yamejaa hadi ukingoni. Nalotuesha akawainamia. Kwao, mama yake hakumwacha mnyama mgeni apite lango la boma bila kunyunyiziwa maziwa ya baraka. Sasa hawa nao si wageni? Na kwa vile walikuwa majini, aliona kunyunyiza ni uchoyo. Akamimina kikombe kizima.

"Karibuni. Mkae, mzaane, mjaze boma," akawaambia.

Soipan akapiga makofi.

Kesho yake beseni lilinuka kama kibuyu cha maziwa kilichosahauliwa kufukizwa moshi. Kobe walikuwa wamekunja vichwa kando chini ya gamba, macho wamefumba. Soipan akaanza kulia. Nalotuesha akachukua simu, akampigia Mbithe.

"Mwalimu, watu wako wananuka."

"Mmewapa nini, Koko?"

"Maziwa tu. Mazuri, ya siku ile ile."

Kicheko kikasikika kwenye simu. "Koko, jamani! Hao si ndama! Mwaga hayo maji yote, uwaoshe pole pole. Halafu hilo beseni ni la safari tu. Wanataka mahali papana, maji ya kuogelea, na mahali pakavu pa kupanda waote jua. Upande mwingine uwe kivuli. Na maji ya mfereji yako na dawa, yaache kwanza yalale kwenye ndoo."

"Maji yalale?"

"Yalale, Koko, kama wewe."

Basi wakaenda kwa Gakuru, fundi aliyekuwa akijenga ploti ya pili. Alikuwa na nusu ya chini ya tangi la plastiki lililopasuka juu, aliyokuwa akilowekea mawe.

"Takwenya, Koko!" akamwamkia Kimaasai.

"Iko," akaitikia. "Nataka hilo tangi lako."

"La nini?"

"La kobe."

Gakuru akashika kiuno. "Wamaasai wameacha ng'ombe sasa?"

"Ng'ombe wako pale pale. Hawa hawahami wakati wa kiangazi."

Gakuru akashindwa na cheko, akalibeba tangi mwenyewe. Malipo aliyotaka ni chupa ya maziwa. "Mimi sitanuka," akasema, kwa maana habari ilikuwa imeshafika kwake.

Walichagua mawe ya machimbo, yale bapa yenye uso wa kukwaruza, kwa sababu laini yangewatelezesha kobe. Wakayasugua mpaka vumbi likaisha, wakayapanga kama mteremko wa kuingilia mtoni, la mwisho likitokeza nje ya maji. Tangi wakaliweka nusu chini ya bati, nusu juani, na juu wakafunga wavu wa kuku kuzuia paka na kunguru. Kila waliposhika kobe, Soipan alikimbilia sabuni, maana Mbithe alikuwa amekazia hilo pia.

Makao yakapendeza. Lakini kobe hawakula. Soipan aliwatupia omena, vile visamaki vikavu, akalaza shavu kwenye wavu na kuwasihi. Ijumaa ikafika, omena bado zinaelea.

"Koko, watachukuliwa."

"Wewe ungekula mtu amekukodolea macho hivyo? Hata mbuzi wa kununua sokoni hali siku ya kwanza ukimsimamia. Njoo huku."

Wakaketi wakiyapa maji mgongo, Nalotuesha akitunga shanga, Soipan akimshikia uzi huku shingo ikimwasha kugeuka.

"Usigeuke."

"Sijageuka."

"Jicho lako limegeuka."

Nyuma yao kukasikika chubwi, kisha kutafuna kidogo kidogo. Soipan akauma uzi asipige kelele.

Jumamosi Mbithe alikuta kobe mmoja juu ya jiwe, miguu ya nyuma ameinyoosha kama mtu aliyemaliza kazi, na wa pili amempanda mgongoni. Akadondosha omena mbili. Zilidakwa kabla hazijaanza kuelea.

"Wa Syokimau watanisamehe," akasema. "Hawa wamefika kwao. Koko, maziwa hakuna tena?"

"Ya chai yako tu."

Usiku huo Soipan alilala mdomo ungali na chakula, Lemein akambeba kitandani, kisha yeye na mkewe nao wakalala. Nalotuesha akatoka kuhakikisha wavu umefungwa, kama alivyohakikisha lango la zizi maisha yake yote. Akajaza ndoo ya maji ya kesho, akaiweka kando yalale. Kisha akavua shanga za shingoni, akajifunika, naye akalala.