Meza ya Ngano

Kufikia siku ya tatu Nairobi ilikuwa imeanza kuelea. Saleha binti Mgeni alikaa dirishani katika chumba cha mwanawe, ghorofani, akitazama ukungu wa Julai ukipita barabarani. Majengo yalitokea yakapotea, na watu walitembea kama hawana miguu. Alijua fika kwamba si mji ulioelea bali ni yeye. Tangu ashuke kwenye garimoshi alikuwa amekula mayai ya kuchemsha na ndizi, kisha ndizi na mayai ya kuchemsha, na jana jioni, kwa kujibadilishia, kiazi kitamu kimoja cha kuchoma.

Si kwamba mji ule haukuwa na chakula. Chini ya dirisha palikuwa na hoteli, na kila alfajiri harufu ya mahamri ya iliki ilipanda ngazi bila kubisha hodi, ikaingia chumbani na kumkalia kitandani. Mahamri ya ngano! Usiku aliyaota. Aliota anachovya boflo la mkate mweupe ndani ya chai ya maziwa, linalowa, linalegea, analiwahi kwa mdomo kabla halijakatika, na hapati dhara lolote. Akiamka, mate yamemjaa na macho yana machozi, mwanamke mzima, mama wa kijana wa kuoa.

Ngano ilikuwa imemla miaka saba kabla hajaijua. Kwao Unguja walisema ni chango. Wengine wakasema ni shetani, na mganga mmoja akagundua kwamba shetani mwenyewe anapenda mkate kwa asali, basi wakamlisha mgonjwa mkate kwa asali asubuhi na jioni, shetani asije akakasirika. Akakonda mpaka bangili zikawa zinamvuka kiwiko. Shee, mwanawe wa pekee, alikuwa mtoto mdogo tu, naye ndiye aliyemshika mkono kumpeleka chooni na kumfulia nguo zake uani, watu wakimwona. Halafu akaja daktari mmoja mgeni hospitalini, aliyesoma mambo mapya ya Ulaya, akampima, akamtazama kucha, akamwambia ana maradhi yaitwayo seliaki, tumbo lake halipatani na ngano wala shayiri, na dawa yake ni kuviacha, basi. Saleha alimcheka. Alipoacha kula mkate, mwezi haukuisha akaanza kunenepa.

Nyumbani kwake hilo halikuwa jambo kubwa. Mchele upo, muhogo upo, na majirani wamekwisha kuzoea. Ila safari! Vitumbua vya unga wa mchele alivyofungasha viliishia njiani, kabla ya Voi. Na katika nyumba aliyopanga Shee, mwenye nyumba hakuruhusu mtu kuwasha hata jiko la makaa. Ilibidi kula nje.

Saleha hakuwa mjinga wa kula nje. Alikuwa na kanuni yake: usimuulize mpishi kama chakula kina ngano. Atakwambia hakina, na hatakuwa anasema uongo, maana kwake yeye ngano ni mkate na chapati tu. Muulize anavyopika, tangu kuosha sufuria. Siku ya kwanza, katika hoteli moja karibu na msikiti, alimwita mpishi mwenyewe, Mkamba mmoja mcheshi aitwaye Nzioka, akamwambia amsimulie pilau yake.

"Pilau yangu, mama, ni mchele, nyama, kitunguu na viungo. Ngano ya nini?"

"Naam. Kisha ukishatia maji?"

"Nafunika."

"Unafunikaje?"

Nzioka akatabasamu kwa fahari. "Hapo ndipo kazi iko. Nakanda unga kidogo, nazungusha kwa mdomo ya sufuria, nabandika kifuniko. Mvuke hapana toka hata kidogo! Na ule unga ukiiva, unaanguka ndani, watoto wanaupigania."

Saleha akamshukuru sana, akaagiza mayai mawili yaletwe na maganda yake. Hakuna mpishi aliyewahi kutia mkono ndani ya yai.

Kujinyima hotelini kulikuwa rahisi, maana mwenye hoteli hamjui na wala hamjali. Kilichomkosesha usingizi ni Jumapili. Jumapili ndiyo siku ya kwenda Kabiria, nje kidogo ya mji, kwa wazazi wa Zubeda, binti ambaye Shee alikuwa amemtaka. Baba yake, Musa Were, alikuwa Mwislamu wa Mumias, fundi cherehani mwenye kibanda mjini. Mama yake, Nakhumicha, ndiye mwenye neno la mwisho katika nyumba ile, na neno hilo alikuwa bado hajalitoa. Alitaka kwanza kumwona mama wa kijana.

"Mama," Shee alimwambia Jumamosi jioni, akivunja vidole vyake kimoja kimoja, "nakuomba, kesho ule."

"Nile nini?"

"Watakachokupa. Kidogo tu. Na usiseme habari za maradhi. Kuna kijana alikuja kabla yangu, kwao wana kifafa. Mama Zubeda alimkataa siku ileile. Akisikia na sisi tuna jambo la damu..." Hakumalizia.

Saleha alimtazama. Kijana alikuwa amependa, tena amependa vibaya, hata shingo ilikuwa imekonda. Ni mtoto huyuhuyu aliyefua nguo zile uani bila kununa. Mama gani angemkatalia? Akasema, "Nitakula, baba." Kisha akalala akaota boflo.

Basi lilitoka mjini likapita kwenye mikaratusi mirefu, na ukungu ukaanza kuchanika vipande vipande. Saleha aliegemea kioo, mara yuko macho, mara hayuko. Aliona wanawake wamebeba kuni wakishuka mteremko, na ilionekana kama mteremko ndio unaopanda kuwafuata. Aliona ng'ombe mweupe amesimama katikati ya wingu. Alipomuuliza Shee kama naye amemwona, Shee akasema hapakuwa na ng'ombe. Waliteremka Riruta, wakaenda kwa miguu kwenye njia ya udongo mwekundu, na kila nyumba waliyoipita ilitoa moshi wa jiko lake, kila moshi na harufu yake, naye alizipokea zote kama mtu anayesomewa habari za nchi asiyoifikia.

Walipokewa kwa heshima kubwa. Shee akakaribishwa sebuleni kwa Musa Were na wanaume wenzake. Saleha akaingizwa chumba cha ndani.

Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cha kufuma. Juu yake palikuwa na chapati zilizopangwa mpaka zikainama, mahamri yaliyofura, sambusa, tambi za sukari, keki kutoka duka la Mhindi, na bakuli la kuku katika mchuzi mzito kama uji, na Saleha akajua kwa kuutazama tu kwamba umezidishwa uzito kwa unga. Hapakuwa na punje ya mchele. Ilikuwa ndoto yake ileile ya usiku, imepakuliwa.

"Karibu, Mama ya Shee," alisema Nakhumicha. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye macho yasiyopepesa. "Sisi watu ya bara hapana jua sana chakula ya pwani. Baba Zubeda alileta mpishi ya hoteli, akanifundisha wiki mzima. Kula. Yote ni yako." Akatoka kwenda jikoni, maana kwa desturi yao hakupaswa kula pamoja naye kabla mambo hayajakatwa.

Zubeda alipiga magoti akamnawisha. Akamega chapati, akaichovya mchuzini, akaiweka kwenye sahani ya Saleha, kisha akasimama kando na kuinamisha macho, akingoja.

Saleha akaliinua lile tonge. Lilikuwa na joto. Lilinukia samli, lilinukia utoto wake, na mwili wake wote ulilitaka, mwili mpumbavu usiojifunza. Kula, akajiambia. Umeahidi. Lakini alipolifikisha mdomoni aliona yatakayofuata, waziwazi kama aonavyo meza. Leo atakula kwa kuficha. Kwa kuwa leo amekula, atakula siku ya arusi, atakula kila Idi, atakula mjukuu akizaliwa, na msichana huyu aliyeinamisha macho ndiye atakayefua nguo zake uani, bila kujua kwa nini mama mkwe wake anakufa polepole.

Hapo ndipo harufu nyingine ilipomfikia. Ilitoka jikoni, nzito, ya udongo na moshi, harufu ya nafaka iliyosongwa kwa mwiko sasa hivi. Saleha akaliweka tonge sahanini, akainuka. Zubeda akasema, "Mama?" lakini Saleha alikuwa amekwisha kuufuata ule moshi, akapita mlango wa nyuma, akavuka ua, akaingia jikoni.

Nakhumicha alikuwa juu ya kigoda. Mbele yake palikuwa na ugali wa wimbi, yaani ulezi, mweusi, unaotoa mvuke, na chungu cha mboga za mrenda. Alipomwona mgeni alirusha ungo juu ya ugali, haraka, kama mtu aliyekutwa uchi.

"Mama ya Shee! Huku hapana kuja. Kwetu, mama ya kijana hapana ingia jikoni mbele ya ng'ombe ya mahari kuja."

"Nisamehe. Hicho ni nini?"

"Hii? Hii si chakula ya wageni." Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu. "Hii ni yetu tu. Utatucheka huko pwani."

"Umeupikaje?" Swali lilimtoka Saleha kwa mazoea, kabla hajalipima. "Unga umeusaga wapi? Umetia nini ndani?"

Nakhumicha akainuka polepole kutoka kigodani, naye Saleha akatambua alichokifanya. Hotelini swali lile ni usumbufu tu. Katika jiko la mwanamke, mbele ya chungu chake, kuuliza umetia nini ni kumwita mchawi.

"Umeacha meza yangu," alisema Nakhumicha, sauti imeshuka. "Hujagusa kitu. Halafu unakuja mpaka hapa kuniuliza nimetia nini. Unafikiri mimi nataka kukuua?"

Saleha alimwona Shee, mgongo wake tu, akiondoka katika nyumba ile kwa njia ya udongo mwekundu. Alimwona kweli, njaa ilimwonyesha. Aliogopa, na kwa kuogopa akasema yote. Alisema juu ya ngano na miaka saba, juu ya mganga na asali, juu ya bangili kuvuka kiwiko. Alisema juu ya Shee na nguo za uani. Alisema, "Nimekula mayai tangu nifike kwenu, mwenzangu, hata nikiona kuku naona haya. Meza yako ni nzuri kuliko zote nilizoandaliwa, na siwezi kuila. Ningeila kwa ajili ya mwanangu, lakini nimeogopa."

Nakhumicha alisukuma ukuni ndani ya moto. Kisha akauliza, "Na kijana? Yeye iko na hiyo ugonjwa?"

Hilo ndilo swali ambalo Shee alikuwa amelikimbia. "Mpaka leo hana," alisema Saleha. "Daktari alisema huweza kupita katika damu, na huweza isipite. Sijui. Wajukuu wetu, nao siwajui. Nisingependa uje uyasikie kwa mtu mwingine."

"Yule wa kwanza," alisema Nakhumicha, "watu yake walikaa kwa ile meza. Walikula, walicheka, waliapa kwao hakuna kitu. Kifafa mimi naijua, dada yangu alikuwa nayo, tulimlea. Nilikataa kwa sababu waliniangalia hivi," akaleta uso wake karibu na wa Saleha, "wakaficha."

Aligeukia mlango, akaita kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Zubeda! Hiyo kitu yote ya mezani peleka kwa wanaume!"

Kisha, bila kuambiwa, akatazama mikono yake mwenyewe, ambayo asubuhi ilikuwa imekanda chapati. Akamimina maji ya moto, akaisugua kwa majivu mpaka viwiko, akachimba chini ya kila kucha, akaimwagia tena. "Wimbi nimesaga mwenyewe kwa jiwe ya mama yangu," alisema huku akisugua. "Nimechanganya muhogo. Mboga ni mrenda, maji na munyu. Hakuna kingine." Akaondoa ungo. Akatafuta kigoda cha pili, akakipangusa kwa upindo wa leso yake, akakisogeza karibu na moto.

"Kaa chini, mkwe," alisema.

Saleha akakaa. Akamega ugali, akautia kidole gumba katikati, akachota mrenda ulionyumbuka na kukatika. Ulikuwa wa moto, mchachu kidogo, na mchanga wa jiwe ulilia kwenye meno yake mara moja. Alikula bila kuuliza, bila kunusa, bila kutazama sufuria. Huko sebuleni wanaume walikuwa wameanza kushangilia sinia za chapati. Machozi yalimtiririka, naye hakuyafuta, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na tonge na mwingine umeshika sahani.

Alikula mpaka akafika kwenye udongo wa sahani. Halafu akainua uso, akaona haya kidogo kama mtoto, akasema neno ambalo hakuwahi kulisema katika nyumba ya mtu mwingine tangu augue.

"Niongezee."