Mdomo wa Nello

Kule Ubelgiji nilikuwa nafuta mistari ya penseli kwa Joris, mchoraji wa hadithi za picha. Alikuwa anachora moto wa mgodini uliowaua wachimba makaa ya mawe wa mji wetu zamani, na sura za wafu alizitoa kwenye magazeti ya wakati ule.

Asubuhi moja akaingia Mama Ottavia, Mtaliano, mjane wa mmoja wao. Ukurasa ulikuwa umetundikwa dirishani ukauke, naye akamwona mumewe Nello ndani ya moshi, mdomo wazi, anapiga kelele.

"We bwana, ulikuwepo kule chini?"

"Hapana, mama."

"Ulimsikia?"

"Hapana."

"Sasa nani kakwambia alilia? Ungejichora mwenyewe, na hiyo shingo yako ya bata! Miaka yote mimi namwona amelala. Wewe umemwamsha."

Joris alichukua rangi nyeupe, kama tufanyavyo tukikosea, akaufunika ule mdomo na kuuchora upya ukiwa umefumbwa.

"Haya, mama. Kitabuni ule wa kwanza hautaonekana."

Mama akauinua ukurasa kwenye mwanga. Nami nikaona: nyuma ya weupe, mdomo ulikuwa bado wazi.

"Umemziba tu," akasema. "Humo ndani bado analia."

Joris akashika wembe, akakikata kisanduku chote chenye picha ya Nello, akampa. Mama akakitia ndani ya koti, kifuani, akaondoka bila kuaga.

Kitabu kilitoka na kisanduku kimoja cheusi tupu. Tangu hapo Joris aliinua kila ukurasa dirishani kabla ya kuupeleka kuchapwa, na mara nyingine nilimkuta ametega sikio.