Gemu ya Kumnasa Shemeji

"Hii nayo hapana," alisema Mshonaji, akairudisha diski juu ya kaunta kama anayerudisha kitambaa kilichoota ukungu.

Muuza gemu alishusha pumzi. Kibanda chake kilijaa maboksi ya diski mpaka darini, na runinga ya kujaribia ilining'inia juu ya mlango, hivyo kila mteja alitazama juu mpaka shingo ikauma. Mama huyu alikuwa akija kila Jumamosi tangu mvua zilipokatika, na kila Jumamosi aliondoka mikono mitupu.

"Hii ina nini tena, mama? Joka lipo. Wachawi wapo. Upanga upo. Unatembea popote unapotaka."

"Popote wapi? Nimefika msituni nikagonga ukuta."

"Ule si ukuta, ni miti."

"Miti isiyopitika ni ukuta uliopakwa rangi ya kijani. Nipe nyingine."

Muuza gemu alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati. Wateja wake wengi walitaka gemu mpya, zile ambazo jasho linaonekana kwenye uso wa askari. Huyu alitaka za sura ya kizamani, zenye watu wa vidoti vikubwa na muziki wa kinanda cha mtoto; na alitaka dunia pana isiyo na ua, yenye falme na mapango, na mahali pa kujijengea nyumba. Hayo yalieleweka. Sharti la mwisho ndilo lililomshinda.

"Na iwe inahifadhi safari ya mtu hapa hapa kwenye mashine," alisema Mshonaji. "Sitaki hizi zinazojiwekea akiba huko mtandaoni."

"Lakini mama, wenzako wanalalamika wakikosa hiyo akiba. Ikifutika bila akiba, imekwenda. Hairudi."

"Ndiyo ninayoitaka."

Hakuwa akijitafutia mwenyewe. Alikuwa akimtafutia shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, na alimtafutia kwa sababu alimchukia.

Mumewe alikuwa mkata nguo, yeye mshonaji. Walifanya kazi katika chumba kimoja chenye meza ndefu, cherehani mbili na dirisha la kuelekea barabarani, na watu walimwita mume Mkasi mpaka wengi wakasahau kwamba ana jina. Jioni, vitambaa vikishakunjwa, waliwasha runinga ya kona na mashine ya gemu iliyokuwa chini yake. Mkasi alishika pedi ya kuchezea, yeye alishika njia. "Kata kushoto. Usiingie pango hilo, hujapata ngao." Walikuwa na mtu wao mle ndani, naye wakamwita Mkasi. Joka la gemu ile liliwasubiri mlimani kwake miaka na miaka, nao hawakwenda. Walikuwa wanajenga nyumba kando ya ziwa, jiwe baada ya jiwe, mlango ukielekea majini, ili mtu akitoka asubuhi, alisema Mkasi, macho yaanze na maji. Alipougua, mikono ikakataa mkasi lakini ikakubali pedi. Mara ya mwisho alimsimamisha mtu wao mlangoni akitazama ziwa, akahifadhi, akasema wataendelea akipata nguvu.

Siku za msiba nyumba ilijaa watu. Shemeji, fundi bomba mwenye mikono mipana na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, aliponyoka akaingia chumba cha kazi, akawasha mashine, akaanza safari yake mpya na kumwita mtu wake Bomba. Mashine ilipouliza ahifadhi wapi, akabonyeza nafasi ya kwanza bila kusoma, na safari ya Mkasi iliyokuwa hapo ikafutika. Nafasi ya pili ilikuwa tupu. Ya tatu ilikuwa tupu. Hilo ndilo lililomchoma Mshonaji mpaka leo, kwamba palikuwa na nafasi mbili tupu.

Alipomuuliza, shemeji alitazama sakafu, kisha akacheka kile kicheko cha mtu aliyebanwa. "Aa, shemeji, si ni gemu tu! Nitakuchezea nyingine."

Gemu tu. Alimzika mumewe mara mbili mwezi ule, na mara ya pili akaambiwa ni gemu tu.

Hakupiga kelele. Aliendelea kumwitikia salamu, akampikia alipokuja, akamshonea ovaroli mpya ile ya zamani ilipochanika. Na akiwa amemzungushia futi kifuani ndipo wazo lilipomjia. Atampima vizuri. Atamtafutia gemu itakayomkaa barabara, aipende mpaka asahau njaa, ajenge, alime, apange maisha ndani yake. Kisha siku moja atabonyeza kitufe kimoja, ageuke, amwambie, si ni gemu tu.

"Basi jaribu hii," alisema Muuza gemu, akitoa boksi lisilo na picha ya kuvutia. "Mpya, ila imetengenezwa kwa sura ya zamani. Watu hawaitaki. Wanasema ni mashamba mashamba tu."

Mshonaji alichukua pedi akatazama juu. Mtu mdogo wa vidoti alisimama kwenye nyasi. Akampeleka msituni, miti ikampisha. Akampandisha mlimani, mlima ukapandika. Kisha akagundua kwamba mtu yule ana jembe, na akichimba mfereji kutoka mtoni, maji yanamfuata nyuma, yakikunja kona anapokunja, yakijaza shimo analoliacha. Alimwona shemeji yake mle ndani mzima mzima. Mtu anayeshinda chini ya masinki ya watu, akibishana na maji yasiyotii!

Alichimba kidogo. Akafika kwenye ziwa, akasimama hapo muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Umeipenda, mama?"

"Sijaipenda. Inafaa."

Shemeji alikataa mwanzoni. "Gemu niliacha," alisema, akizungushazungusha kofia mkononi. Tangu siku ile hakuwahi kukaa mbele ya runinga ile.

"Nimeinunua, kumbe siielewi," alidanganya Mshonaji. "Nianzishie tu, shemeji. Ukichoka uondoke."

Shemeji alimtazama usoni, naye Mshonaji akamrudishia uso mweupe wa mtu asiye na neno moyoni. Shemeji akaketi. Kufikia jioni alikuwa amechimba mfereji wake wa kwanza, na maji yalipoingia shambani alipiga paja kwa furaha, mpaka sindano ya Mshonaji ikamchoma kidole.

Tangu hapo alikuja kila akitoka kazini, akinuka gundi ya mabomba na tope. Msimu wa sare za shule ukapita, wa magauni ya harusi ukaingia, na kwenye kona ile mtu wake, aliyemwita Bomba tena, akawa na mashamba, akawa na mbuzi, akawa na upanga wa wafalme wa kale. Mshonaji alimnenepesha kama kuku wa sikukuu. "Umefika wapi leo, shemeji?" aliuliza kila jioni, na shemeji alieleza mpaka mate yakamkauka. Wakati mwingine Mshonaji alijikuta ameondoa mguu kwenye pedali ya cherehani ili aone vizuri, akajikaripia kimoyomoyo, akaukanyaga tena. Jambo moja tu hakulielewa: kila alipoinuka kusogea karibu na runinga, shemeji alimgeuza Bomba haraka akamrudisha mashambani.

Jioni moja shemeji alimwona akifumua mkono wa gauni lililokwisha.

"Mbona mkono huo umekaa vizuri tu, shemeji?"

"Umekaa kwa asiyejua. Umepinda."

"Ukifumua, si matundu ya sindano yatabaki?"

"Yabaki," alisema Mshonaji, akauvuta uzi ukatoka wote.

Kisha Bomba akawa tayari kwa joka. Shemeji akatangaza kwamba Jumamosi mchana atamleta mkewe, wanawe na mafundi wenzake waje kushuhudia. Mshonaji aliona mlango umefunguka wenyewe. Waje wote. Aibu isiyo na watu haina ladha. Ataifuta safari ile asubuhi, atawapangia viti, atawawashia runinga, na atasimama pembeni amtazame anavyotafuta kitu ambacho hakipo.

Jumamosi asubuhi alifunga dirisha, akawasha mashine. Nafasi ya kwanza, Bomba. Ya pili tupu, ya tatu tupu. Akapeleka alama kwenye neno Futa, moyo ukimdunda kwa raha aliyoisubiri kwa muda mrefu.

Lakini hakuwa mtu wa kuchana nguo bila kuikagua. Alitaka kujua hasa anaua nini. Akaifungua safari, akaanza kutembea.

Ilikuwa nzuri, alikiri kwa hasira. Mifereji ilinyooka, ilipishana bila kugongana, na yote ilitoka juu, sehemu moja. Aliufuata mmoja kinyume na maji, akapita mbuzi, akapita kilima ambacho shemeji hakuwahi kumwonyesha. Mbele kukatokea ziwa. Kando ya ziwa palikuwa na nyumba ya mawe yenye paa jekundu na madirisha mawili, moja kubwa, moja dogo. Aliijua. Aliijua dirisha kwa dirisha. Mlangoni alisimama mmoja wa wale wanakijiji wanaoajiriwa kulinda nyumba za watu, na juu ya kichwa chake paliandikwa jina alilopewa: Mkasi.

"Nani amekuruhusu?" alisema kwa sauti, chumba kikiwa kitupu. "Nani amekuruhusu kumtaja?"

"Hujafuta bado?"

Shemeji alikuwa mlangoni, peke yake, kofia mkononi.

Mshonaji hakuinuka. "Ulijua?"

"Shemeji, tangu msiba ulikuwa hunitazami usoni. Halafu unaniletea gemu, na kila siku unaniuliza nimefika wapi." Alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka. "Nilijua tangu wiki ile ya kwanza."

"Mbona ukaendelea?"

"Ningeacha, ungefuta nini? Mashamba mawili na mbuzi? Nilitaka uwe na kitu cha kufuta. Kitu cha kuniuma." Akaketi juu ya robota la vitambaa, mikono mipana ikining'inia katikati ya magoti. "Inaniuma, shemeji. Futa. Sitasema ni gemu tu. Nilisema kwa sababu niliogopa, na neno likishatoka halirudi."

Hasira ilimpanda Mshonaji upya, kali kuliko ya mwanzo. Kwa hiyo hata hili amemnyang'anya! Kisasi alichokipima na kukikata kwa miezi, huyu anamletea kimekunjwa vizuri, na shingo yake mwenyewe ameilaza juu. Akatoka kwenye safari, akarudi kwenye neno Futa, akabonyeza. Mashine ikauliza kama ana hakika. Ndiyo, au Hapana.

Kidole gumba kikakaa juu ya kitufe. Shemeji alifumba macho.

"Mlango," alisema Mshonaji.

"Mlango umefanyaje?"

"Umeuweka nyuma. Wetu ulielekea ziwani."

Shemeji alifumbua macho. "Niliiona mara moja tu. Ilitokea nilipowasha, kabla sijaanza ya kwangu. Niliyoyashika ndiyo hayo."

Mshonaji alibonyeza Hapana, akaifungua safari tena, akampeleka Bomba mpaka kwenye ukuta wa ile nyumba wenye mlango. Kisha akamwekea shemeji pedi mapajani, kama anavyomrudishia fundi mwenzake kazi mbovu.

"Fumua."

"Mlango?"

"Nyumba yote. Ukuta wa kulia umepinda, hukuona? Fumua mpaka chini uanze upya. Na nikiona umekosea, utafumua tena. Mwaka mzima, ikibidi."

"Na watu wanakuja kuona joka."

"Joka litangoja. La kwetu lilingoja." Alivuta kiti chake cha cherehani, akakigeuza kuelekea runinga. "Sijakusamehe. Usije ukadhani."

"Sijadhani, shemeji."

Alianza. Kila jiwe lililotoka lilitoa mlio mdogo, kama kifungo kinachodondoka sakafuni. Mchana ulipoingia, nje zilisikika sauti za watoto, kisha mkewe akibisha hodi, kisha mafundi wakicheka na kuulizana kama shujaa wao amekimbia. Shemeji aligeuza kichwa.

"Tazama kazi yako," alisema Mshonaji.

Paa likatoka. Madirisha yakatoka, kubwa na dogo. Ukuta wenye mlango ulipokwisha, yule mtu aliyeitwa Mkasi, ambaye sasa hakuwa na mlango wa kulinda, alisimama kidogo kwenye nyasi. Kisha akageuka taratibu, vidoti vyake vichache vikibadilishana nafasi, akatazama ziwa.