Wasiwasi Anao Mpira

Lifti ya hospitali ilitikisika, ikaguna, ikakwama katikati ya ghorofa mbili. Mle ndani walikuwa wawili tu: fundi rangi, bado ana madoa meupe viwikoni, na mama mkwe wake. Tangu ndoa, wawili hao hawakuwahi kuvuka mpaka wa salamu. Ghorofa ya juu, mke wa fundi alikuwa anafanyiwa upasuaji. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka.

Fundi aliibonyeza kengele kama anayetaka kuitoboa.

"Tulieni, mtu anakuja," spika ilijibu.

Atulie vipi! "Sumu imeshasambaa mwilini, Mama. Na asipoamka? Na wakinitafuta wanikose? Na..."

Mama mkwe akakunja kiganja mbele ya mdomo kama kipaza sauti.

"Naam, msikilizaji! Wasiwasi anao mpira. Anampiga chenga fundi rangi, fundi yuko chini! Anaingia kwenye boksi, anaachia shuti... lahaula! Limegonga mwamba!"

Fundi alimkodolea macho. Mama wa watu amerukwa na akili. "Mama, huu si wakati wa mzaha!"

"Aliye juu ni mwanangu, baba. Nimemzaa mimi." Alikirudisha kile kiganja mdomoni. "Nikinyamaza nitapiga mayowe. Haya niambie, beki yuko wapi?"

Fundi akajaribu. "Beki... beki amekwenda kunywa maji."

"Aibu iliyoje! Kocha amevua kofia, anaitafuna!"

Kicheko kilimponyoka fundi puani, kikatoka na machozi. Pumzi ikamshuka hadi tumboni. Hofu haikuondoka, ila sasa aliweza kuitazama usoni. Wakaendelea kutangaza, wakipokezana, hadi mlango ukabanduliwa kwa nondo na kichwa cha fundi lifti kikachungulia.

"Ngapi ngapi?" akauliza.

Walimpita. Walipanda ngazi mbio, wakasimama nje ya chumba cha upasuaji. Mlango ukafunguka, muuguzi akatoka amevaa barakoa. Uso wake haukusomeka.

"Ndugu wa mgonjwa?"

Wote wawili wakasogea.

"Ametoka salama. Ameamka, analalamikia kiu."

Mama mkwe akayumba. Fundi akamdaka, akamkalisha kwenye benchi, na yule mama akamwegemea begani akilia waziwazi.

"Tangulia," alisema baadaye. "Mwambie mama yake anakuja, anafuata kiatu chake kimoja kilichobaki kwenye ngazi."