Sala ya Kimoyomoyo

Jioni ile Kitinda alipoinamisha kichwa, akafumba macho na kunyamaza, mama yake alidhani anatafuta maneno. Akamsubiri. Chakula kilikuwa kimeshaliwa, sahani zimesukumwa pembeni, na simu iliegemezwa kwenye jagi la maji, baba akiwa safarini upande wa pili wa simu na ngurumo ya lori lake ikijaa meza nzima. Mara Kitinda akasema, "Amina," akafumbua macho na kuanza kukusanya sahani.

"Amina ya nini?" mama akauliza. "Mbona hujasali?"

"Nimesali, mama. Kimoyomoyo."

Kuanzia hapo mama hakupata raha tena.

Ili umwelewe, ujue kwanza kazi yake. Alikuwa mkaguzi wa mlangoni katika duka moja kubwa, yule anayekuomba risiti wakati umeshalipa na una haraka, kisha anachungulia mfuko wako kana kwamba umemwibia yeye binafsi. Wenzake walimwita Mama Risiti, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kwamba mtu anayekutazama sana usoni ana kitu chini ya koti, na asiyekutazama kabisa naye anacho. Ukiuliza ni nani basi asiye na kitu, atakwambia bado hajamwona.

Na nyumbani kwake kila mtu alisali kwa sauti. Ilikuwa hivyo tangu watoto hawajajua kufunga vifungo vya shati. Baada ya chakula anaanza mdogo, anafuata mkubwa, baba anasema mawili matatu kama yupo au kama simu ina mtandao, na mama anamalizia. Mwanamke yule alimpenda Mungu kwelikweli, hilo sitaki mtu alitilie shaka. Lakini wakati wa sala jicho lake moja halikufumba sawasawa, na masikio yake yote mawili yalikuwa kazini. Humo kwenye sala ndimo alimojua nani kafeli hesabu, nani kavunja dirisha la jirani, nani kampenda nani. Watoto walimwambia Mungu, na asubuhi mama alikuwa ameshavaa viatu kwenda kulifuatilia.

Mwanawe wa kwanza alishtuka mapema. Akiwa bado shuleni alianza kusali, "Mungu, ibariki dunia nzima, amina," sala ambayo hata mpelelezi asingeambulia kitu ndani yake. Siku hizi alikuwa fundi umeme mji mwingine na alipiga simu kila Jumapili. Aliyebaki ni Kitinda, kitindamimba, binti wa miaka ishirini aliyefanya kazi katika kiwanda cha uchapaji na kurudi jioni na gundi kwenye kucha. Huyu siku zote alisali waziwazi, majina na kila kitu. Sasa naye kaenda kimoyomoyo.

Jioni ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Mama akampigia mumewe pembeni.

"Mtoto anaficha kitu," akasema. "Anasali bila sauti."

"Labda anasali tu," baba akajibu.

"Wewe endesha lori lako."

Ni jambo gani mtu anaweza kumwambia Mungu ambalo mama yake hapaswi kulisikia? Aliligeuza swali hilo mlangoni pa duka huku akipitisha watu bila hata kutazama risiti zao, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akapata majibu matatu: mwanaume, mimba, au kanisa jingine. Akaanza na lililomtisha zaidi. Asubuhi akakaanga mayai kwa mafuta mengi, mlango wa jikoni wazi, harufu itambae mpaka chumbani, kisha akasimama na mwiko mkononi kusubiri binti akimbilie bafuni kutapika. Kitinda akatoka na kitambaa kichwani, akala mawili, akauliza kama kuna la tatu.

Haikumtuliza. Wanaojua kuficha wanajua pia kula.

Akapekua mkoba. Akakuta kitana, mkasi mdogo na pipi za kifua. Akanusa koti, likanuka wino. Akamuuliza uso kwa uso, "Mwanangu, una jambo?" na Kitinda akamtazama, akasema, "Nikiwa tayari nitakwambia, mama." Hapo roho ikampanda juu kabisa. Kumbe lipo! Asiye na jambo husema sina.

Basi Jumatano akalipeleka kwenye maombi ya akina mama. Hakutaja mimba, hata kidogo, na baadaye angeweza kuapa kwa hilo. Alipofikiwa na zamu ya kutoa hoja ya maombi alisema tu, huku akikunja leso, "Naomba mumkumbuke binti yangu. Ana jambo. Siwezi kulisema, lakini kama mama nimeshaliona." Wale akina mama wakaguna kwa huruma, na kila mmoja akajijazia mwenyewe pale palipobaki wazi. Waliomba kwa machozi. Mama Risiti alirudi nyumbani amepungukiwa na mzigo, na kwa mara ya kwanza wiki ile alilala fofofo.

Jumapili, watu wakitoka ibadani, katibu wa akina mama alimvamia Kitinda mlangoni. Alikuwa mwanamke mnene mwenye moyo mwema na sauti ya kipaza sauti. Akamkumbatia, akamwekea kiganja tumboni.

"Usiogope, mwanangu," akasema. "Mtoto ni baraka. Huyo mwanaume hata akikana, sisi mama zako tupo."

Vijana wa kwaya waligeuka. Mchungaji naye akageuka, kisha akajifanya anatafuta miwani. Kitinda alitazama kile kiganja tumboni mwake, akamtazama mama yake aliyekuwa nyuma ameshika Biblia kifuani, na mama akaona usoni mwa binti yake kitu ambacho hakuwahi kukikuta kwenye mfuko wa mtu yeyote. Binti hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyekuwa akitarajia jambo hilo hilo.

Nyumbani Kitinda alivua viatu, akaketi mezani.

"Mama, umeniombea nini?"

"Nimekuombea heri. Ulikuwa na jambo, hukutaka kusema."

"Kiwanda kinafungua tawi. Wamenichagua niende nikasimamie meza ya kujalidi vitabu. Ni mbali, mama, ni safari ya siku mbili. Nilikuwa namwomba Mungu anipe ujasiri wa kukwambia. Hilo tu ndilo jambo langu."

Mama akaketi. Furaha ya kwamba hakuna mimba ilimjia na kuondoka kabla hajaishika. "Na kaka yako?"

"Anajua."

"Baba yako?"

"Nilimwambia Ijumaa."

"Kwa hiyo wote mnajua. Mimi ndiye mgeni hapa ndani."

"Wewe ndiye ninayemuogopa," Kitinda akasema, na sauti ikaanza kumkatika. "Unamkumbuka yule rafiki yangu wa shule? Niliomba Mungu amsaidie aache kutoroka darasani. Asubuhi yake ukawa sebuleni kwao. Alichapwa, na hajanisemesha mpaka leo. Mama, kila nikimwambia Mungu kitu, unajibu wewe. Nilitaka mara moja tu anijibu yeye."

Mama akavuta kitambaa cha meza, akakinyoosha pale palipokuwa pamenyooka tayari. Iliuma. Iliuma kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu aliyeisema hakuisema kwa ubaya.

"Naondoka Jumamosi," binti akasema. "Sijui nitakuwa napiga simu mara ngapi. Sitaki nikudanganye."

Hilo ndilo lililomkata maini. Mtoto kuondoka ni kitu kingine. Huyu alikuwa anaondoka na kufunga mlango.

Jumatano Mama Risiti alisimama mbele ya akina mama. "Binti yangu hana mimba," akasema. "Hakuwa na jambo baya lolote. Mimi niliwaleteeni dhana zangu nikaziita maombi. Mkikutana naye, mmwombe radhi, nami nimeshaanza." Katibu alilia kuliko wote, na jioni ile ile alikwenda mwenyewe kwa Kitinda, akapiga magoti pale pale ukumbini mpaka binti akalazimika kumnyanyua, kazi ambayo haikuwa ndogo.

Jumamosi asubuhi begi lilikuwa sebuleni. Teksi ilikuwa imeshaitwa. Mama alikuwa anapita ukumbini na taulo mbili alizozipiga pasi, akasikia sauti chumbani. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Kitinda alikuwa anasali, na alikuwa anasali kwa sauti, kama zamani.

"Na kuhusu mama, Mungu wangu," sauti ikasema.

Miguu ikamganda. Akazibana taulo kifuani. Angesimama pale kwa pumzi chache tu angejua kama amesamehewa, angejua kama kutakuwa na simu au hakutakuwa, angejua vyote, na nani angemlaumu? Mlango haukufungwa. Mwili wake mzima ulikuwa umeshainama kuelekea kwenye ule mwanya.

Akageuka. Akaenda jikoni mbio mbio, taulo zikaanguka njiani, akafungua bomba mpaka mwisho. Maji yakapiga sinki kwa kishindo, naye akateremsha vikombe vyote kutoka kabatini na kuanza kuviosha, akivigonganisha kwa makusudi, povu mpaka viwikoni.

Hakujua amekaa hapo kwa muda gani. Alipoinua macho, Kitinda alikuwa mlangoni na zile taulo mkononi.

"Mama, hivyo si visafi?"

"Visafi."

Kitinda akatazama maji, akatazama ukumbi, akamtazama mama yake. "Umesikia?"

"Nimesikia 'na kuhusu mama'. Basi. Nikakimbia."

"Hutaki kujua nilichosema?"

"Nataka mpaka tumbo linauma."

Kitinda akacheka, kicheko kilichokuwa na machozi ndani yake, akafunga bomba. Akamkumbatia mama yake na povu lake lote, wakakaa hivyo mpaka dereva wa teksi akapiga honi mara ya pili. Kisha akachukua begi na kuondoka, na hakumwambia.