Vumbi la Fundi Hauozi

Nina habari, na nisipoitoa sasa hivi nitapasuka. Ila lazima nianze na nyumba yetu, la sivyo hutaelewa kwa nini nacheka peke yangu kama chizi.

Kwetu nusu ya nyumba inafuga kuvu na nusu nyingine inaiua. Mama anaoka mikate ya kuuza. Kila siku anaamsha hamira kwa maji ya uvuguvugu na sukari kidogo, kisha anaifunika kitambaa kama mtoto mchanga. Hamira ni kuvu. Ng'ambo ya uwanja kuna karakana ya Baba, seremala, ambaye adui yake mkubwa duniani ni mbao kuoza. Kinachoozesha mbao nacho ni kuvu. Nilipowaambia kwamba wote wawili wanashughulika na ukoo mmoja, Mama aliniomba nisimtukanie hamira yake mbele ya wateja.

Baba watu wanamwita Hauozi, kwa sababu akimkabidhi mtu mlango anaupiga kofi na kusema, "Huu hauozi." Na kweli hauozi. Mafundi wengine hupaka dawa mwishoni, kazi ikishakamilika. Yeye mbao zikishuka tu kwenye gari anazizamisha kwenye pipa la dawa, zinywe mpaka zishibe, zikauke, ndipo msumeno uziguse. Utaratibu huo habadilishi hata aombwe na malaika.

Mimi nimesomea biolojia, na nilipomaliza chuo niliamua sizunguki mjini na bahasha ya vyeti. Ninalima uyoga. Baba akanipa stoo ya nyuma ya karakana, kwa sharti moja. Alikuwa anatengeneza milango ya shule, na milango ikimalizika ingekaa stoo kusubiri lori. Ikifika siku hiyo sina cha kumwonyesha, stoo inarudi kwake na mimi natafuta kazi ya ofisini kama watoto wa watu. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Uyoga ninaoutaka huota kwenye magogo, unakula mti kama sisi tunavyokula mkate. Na karakana imejaa vumbi la mbao, la bure! Nikazoa gunia kwa gunia. Nikachanganya na pumba, nikapika kwa mvuke ili vijidudu vingine vife, nikajaza mifuko, nikatia mbegu za uyoga, nikafunga. Mfuko wa mwisho vumbi lilinipungukia, nikajazia nyasi kavu zilizokatwakatwa.

Nikangoja. Kaka yangu anayefanya kazi na Baba tunamwita Msumari, kwa sababu akisimama mahali hasogei mpaka umgonge. Kila akipita alikuwa anabisha stoo na kuuliza kama wagonjwa wameamka.

Aliyeamka ni mmoja tu. Mfuko wa nyasi ulijaa nyuzi nyeupe, laini kama pamba iliyochambuliwa. Hizo nyuzi ndizo kuvu yenyewe, uyoga ni tunda lake tu. Mifuko mingine yote kimya. Mbegu zilikuwa zimekaa juu ya vumbi kama wageni walionyimwa sahani. Nikafungua mmoja, nikanusa. Dawa ya mbao.

Nilikaa chini nikacheka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Nilikuwa nimealika walaji nikawaandalia sumu, vumbi la fundi Hauozi mwenyewe! Na hata kama uyoga ungeota, ningemlisha nani kitu kilichokunywa dawa ile? Nikatupa yote, nikaosha mikono, nikaenda kumwambia Baba.

Maskini, alijitahidi kuhuzunika, akashindwa. Kumbe dawa yake inafanya kazi mpaka kwenye vumbi! Alitoka kwenda kumsimulia mteja. Nilipomwomba anipasulie mbao chache kabla ya kuzizamisha, uso ukabadilika. Akasema jina lake limo ndani ya pipa lile, na hatalitoa kwa ajili ya uyoga. Sikubishana naye. Nikamuuliza kama lile gogo nyuma ya choo, la mti ulioangushwa na upepo majuzi, lina kazi. Akasema nichukue, na nikaona kabisa anadhani natania.

Nikaanza na msumeno wa mkono. Kabla jua halijapanda nilikuwa na malengelenge na kijiko cha vumbi. Msumari akaleta stuli akae vizuri.

"Dada, hilo gogo unalikata au unalikuna?"

Nikafunga kitambaa mkononi, nikaendelea. Baba akatoka karakana, akatazama, akasema naumiza msumeno wake. Nikasubiri aseme niache. Hakusema. Akarudi ndani, akatoka na msumeno mkubwa wa watu wawili, akashika upande mmoja.

Tulikata vipande vyembamba kama mkate wa Mama, makusudi, ili vumbi liwe jingi. Msumari akasema hajawahi kuona fundi anayetupa mbao na kuokota vumbi. Tukivuta, nikamweleza Baba kwamba bila kuvu miti yote iliyowahi kuanguka msituni ingebaki imerundikana pale pale, na udongo ungekosa cha kula. Nikamwambia ziko nyingine zinazojifunga kwenye mizizi ya miti hai, zinailetea maji na chumvichumvi, nayo inazilipa sukari. Akavuta msumeno mara mbili tatu, kisha akauliza kama kuvu inajua tofauti ya mti ulioanguka na mlango wa shule. Nikasema haijui.

"Basi ugomvi wetu ni huo tu," akasema.

Mifuko ya pili, ya vumbi la gogo, ikaanza kuwa myeupe. Lakini kuvu ina mwendo wake na msasa una wake. Milango ilimalizika kabla sijapata hata uyoga mmoja. Msumari akaja na mlango wa kwanza begani, anatabasamu mpaka masikioni. Nikasimama katikati ya mlango wa stoo, mikono kiunoni.

"Hauingii."

"Dada, sogea. Huu mzito."

"Uweke chini. Niitie Baba."

Baba akaja na uso wa siku za makubaliano. Nikachukua mfuko mmoja, nikauchana plastiki yote mbele yake. Akarudi nyuma, akitegemea vumbi limwagike miguuni. Halikumwagika. Lilisimama kipande kimoja, cheupe, kizima.

Akakipokea kwa mikono miwili. Akakigonga kwa kifundo cha kidole. Akakinusa, akapitisha kucha pembeni akitafuta kiungo, kama anavyokagua kazi ya fundi mwingine.

"Umetia gundi gani?"

"Sijatia gundi, Baba. Nyuzi zimejishonea zenyewe. Ni vumbi letu lile lile."

Alikigeuza, akakigeuza tena.

"Huyu mshenzi anajua kuunga," akasema polepole. Halafu, bila kumtazama kaka: "Msumari, milango yote sebuleni."

Mama akauliza wageni watakaa wapi. Baba akamjibu wataegemea, milango ni imara. Mimi sikungoja abadilishe mawazo. Nikachana matundu kwenye mifuko, nikaning'iniza magunia yenye maji dirishani, nikawa nanyunyiza kila nikipita. Hata kuoga nilikuwa naoga mbio.

Sasa habari yenyewe: leo asubuhi umetoka! Kila tundu lina vichwa vidogo vimebanana kama njiti za kiberiti. Nilipiga kelele mpaka Mama akaacha unga kwenye beseni. Baba akaja mbio na vumbi lake la karakana, nikamzuia mlangoni nikamwambia ajikung'ute kwanza. Akajikung'uta, fundi Hauozi mzima! Akachutama mbele ya mifuko muda mrefu, kisha akauliza itaenea mingapi humu ndani nikiwekewa rafu.

Nikamuuliza atanitengenezea lini.

"Mimi? Rafu yangu ina dawa, na isiyo na dawa wataila hawa. Kaagize za chuma."

Seremala huyo, anasema chuma. Haya, nipishe, fundi wa kuchomelea anafungua sasa hivi.